Shaba Inayotamani Kurudi Mwambani

Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa Naviundu, Lubumbashi



Mezani hapa nimeweka vitu viwili. Cha kwanza mnakijua wote, ni jiwe la malakiti, lile la kijani tunalolichonga vikuku na mayai ya kuuzia wageni. Cha pili ni regyuleta ya mpiga mbizi, yaani kile kifaa kinachofungwa juu ya mtungi wa hewa ili mtu aweze kuvuta pumzi chini ya maji. Kijana mmoja fundi wa mtaa huu aliinunua katika shehena ya mtumba kutoka Ulaya, pamoja na mtungi wake. Akaniletea, akaniuliza: "Baba, huu uchafu wa kijani unaondokaje?"

Sikumjibu kwa maneno. Nililichukua jiwe nikaliweka kando ya kifaa. Rangi ilikuwa ileile. Akacheka, halafu akanyamaza. Leo namalizia jibu langu mbele yenu.

Kwa kifupi, ule si uchafu. Uchafu hutoka kwingine ukaja kukaa juu ya kitu. Kutu ni kitu chenyewe kinachoondoka. Ukikwangua kutu ya kijani, unakwangua shaba iliyokuwa sehemu ya chombo chako jana. Kwa hiyo anayesafisha kutu hafanyi kazi ya kung'arisha. Anapima kilichobaki, kisha anaamua kama kilichobaki kinatosha kubeba uhai wa mtu.

Naviundu na bahari wapi na wapi?

Najua mtu anajiuliza: kutoka hapa mpaka Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita elfu moja, na kwenda Atlantiki vivyo hivyo. Vyombo vya kupigia mbizi vinatuhusu nini?

Vinatuhusu kwanza kwa asili yao. Kiwiliwili cha regyuleta hii ni shaba njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, uliopakwa nikeli na kromu juu. Shaba nyekundu sina haja ya kuwaeleza. Hapa kwenye chemchemi za Naviundu wanaakiolojia walikuta mabaki ya kuyeyusha shaba, na yalipopimwa umri yakaonekana ni ya karne ya 4 baada ya Kristo. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa kazi hiyo katika Katanga nzima. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 na tanuri la kiwanda likawashwa mwaka 1911. Wahunzi wa Naviundu walikuwa wamelitangulia kwa zaidi ya miaka 1,500. Na zinki? Iko Kipushi, safari fupi kwa gari, katika mgodi uliosimama mwaka 1993 na kuanza kutoa zinki tena mwaka 2024. Basi wazazi wote wawili wa shaba njano ni wenyeji wa nchi hii. Katanga yenyewe iliitwa Shaba mpaka mwaka 1997.

Vinatuhusu pia kwa historia. Wengi hudhani kifaa hiki kilibuniwa na mabaharia, lakini sivyo. Mwaka 1860 mhandisi wa migodi wa Ufaransa, Benoît Rouquayrol, alitengeneza kifaa cha kumpa hewa mchimbaji aliyenaswa katika mgodi wenye maji au gesi mbaya. Miaka 4 baadaye, akishirikiana na ofisa wa jeshi la majini, Auguste Denayrouze, alikishusha kifaa hicho baharini. Kati ya mwaka 1942 na 1943, wakati wa vita na uhaba wa petroli, mhandisi Émile Gagnan alikuwa na regyuleta ya kuwezesha injini za magari kutumia gesi. Ofisa mwingine wa jeshi la majini, Jacques-Yves Cousteau, alipomweleza shida ya wapiga mbizi, Gagnan akaibadilisha ile ya gari, na hapo ndipo upigaji mbizi wa leo ulipozaliwa. Kwa hiyo kifaa hiki kilitoka mgodini na gerejini. Mahali hapo pote sisi ni wenyeji.

Tena kazi ipo. Mabwawa ya umeme yana milango ya chuma chini ya maji. Mashimo ya migodi iliyoachwa yamejaa maji. Ziwa Tanganyika lina wapiga mbizi wanaokamata samaki wa mapambo wa kuuzwa ng'ambo. Chombo kipya ni ghali mno, ndiyo maana mtumba unafika. Na mtumba unapofika, anayeitwa ni fundi.

Kwa nini metali haitulii

Malakiti ni shaba iliyoshikamana na oksijeni, kaboni na maji. Mababu zetu walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakapanga mawe na makala, wakavukuta mpaka moto ukamwachanisha shaba na wenzake. Moto ule ulikuwa mahari. Shaba ilitolewa kwao kwa nguvu nyingi, na haijasahau kwao. Ukiipa maji, hewa na muda, inaanza kurudi polepole: inakuwa nyeusi, kisha kijani, kisha unga. Chuma ni hivyohivyo. Kutu yake nyekundu ni ndugu wa udongo mwekundu tunaoukanyaga kila siku. Alumini nayo hurudi kuwa unga mweupe.

Chumvi huharakisha safari hiyo. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji hayo, umeme mdogo hupita kati yake, na ile iliyo dhaifu zaidi huliwa ili nyingine ibaki. Tazameni seti ya mpiga mbizi: vali ya shaba njano imekazwa ndani ya shingo ya mtungi wa alumini. Hapo pana betri bila mtu kukusudia. Alumini ndiyo inayoliwa, na unga wake mweupe huzigandisha nyuzi za vali kiasi kwamba fundi asiye na subira hung'oa vali pamoja na nyuzi za shingo.

Jambo hili lilimfundisha hata mwanakemia mkubwa. Mwaka 1824 Humphry Davy alitaka kuziokoa bati za shaba zilizofunika matumbo ya manowari za Uingereza, maana zilikuwa zinaliwa na bahari. Akazifungia vipande vya zinki na chuma ili viliwe badala yake. Shaba ikapona kweli. Lakini ghafla chaza na magugu yakaota juu ya meli, zikawa nzito na za polepole. Ikabainika kuwa shaba ilikuwa inafukuza wadudu wa bahari kwa sababu ilikuwa inaliwa kidogo kidogo; sumu yake ndiyo ilikuwa ulinzi. Tuikumbuke sumu hiyo, nitairudia kabla hatujaagana.

Kijani cha chombo hiki, basi, ni mchanganyiko. Sehemu yake ni ndugu wa malakiti. Sehemu nyingine ni shaba iliyooana na kloridi ya chumvi ya bahari, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa ikibaki ndani ya vishimo huendelea kula kila unyevu unapoingia, hata chombo kikikaa kabatini. Kwa sababu hiyo ukipangusa kijani leo na kesho kikarudi palepale, usiseme sabuni ilikuwa mbovu. Chumvi bado imo.

Shahidi wa mlangoni

Kabla ya kusafisha, soma. Kwenye mlango wa regyuleta, pale hewa inapoingia kutoka mtungini, pana kichujio kidogo cha chembe za shaba zilizobanwa, kipana kama kifungo cha shati. Mafundi wengi hukitupa bila kukitazama. Mimi hukitazama kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kimeona yote yaliyopita.

Kikiwa cha kijani, maji yaliingia mlangoni, kwa kawaida kwa sababu mwenye chombo alikiosha bila kufunika mdomo. Kikiwa na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, mtungi ni wa chuma na una kutu ndani. Tatizo haliko kwenye regyuleta tena. Unga mweupe unaelekeza kwenye mtungi wa alumini. Weusi unaelekeza kwenye mashine iliyojaza hewa: vumbi la makala ya kuchujia au mafuta yaliyoungua. Kichujio hakisafishwi. Kinasomwa, kinatupwa, kinawekwa kipya.

Beseni, siki na saa

Sasa kazi yenyewe. Nitaieleza kwa mpangilio, kwa sababu makosa mengi niliyoyaona hayatokani na kukosa dawa bali na kukosa utaratibu.

Kwanza loweka chombo kizima, mdomo ukiwa umefunikwa barabara, katika maji safi ya uvuguvugu kwa saa kadhaa, na ubadilishe maji. Usibonyeze kitufe cha kutolea hewa kikiwa majini, kwani utayaruhusu maji yaingie ndani. Chumvi huyeyuka kwa maji tu, haihitaji ujanja. Kinachohitajika ni uvumilivu.

Pili, fungua kwa vifaa vyake. Koleo la bomba lina meno, na kila jino linachubua kromu. Palipochubuliwa ndipo kutu ya mwaka ujao itakapoanzia. Toa mipira yote ya duara, ile oringi, toa plastiki, toa springi. Asidi ni ya metali tupu. Mipira na viti vya vali havisafishwi, hubadilishwa.

Tatu, tengeneza maji ya dawa: siki nyeupe kipimo kimoja, maji safi kipimo kimoja, yawe ya uvuguvugu. Wengine hutumia asidi ya sitriki, ile ya unga. Tumbukiza vipande vya shaba njano na uangalie saa. Dakika 5, toa, suuza, sugua kwa mswaki laini, tazama. Ikibidi, dakika 5 nyingine. Wenye mashine ya kutikisa maji kwa mawimbi ya sauti watamaliza mapema zaidi. Kamwe usiache vipande usiku kucha. Asidi ikikaa muda mrefu huiondoa zinki na kuiacha shaba nyekundu peke yake. Utaona uso unageuka rangi ya waridi, kama ngozi iliyobabuka. Huo uwaridi ukiwa juu tu, umechelewa kutoa kipande. Ukiwa umezama, kipande kimekuwa sifongo. Kinang'aa lakini hakina nguvu. Kiweke pembeni na vyuma chakavu.

Hapa kuna jambo la kwetu. Mama zetu husafisha sahani za shaba iliyofuliwa kwa ndimu na chumvi, na zinang'aa vizuri sana. Kwa sahani ya ukutani, sawa. Kwa chombo cha pumzi, usithubutu: ndimu inaondoa kijani na chumvi inapanda kijani kipya. Brashi ya waya wa chuma vilevile, kwa sababu huacha chembe za chuma ndani ya mikwaruzo. Petroli na mafuta ya kulegeza nati visikaribie, maana masalia yake mtu atayavuta mapafuni, na penye oksijeni nyingi mafuta huwaka yenyewe. Na maji ya javeli usiyachanganye na siki hata tone. Utapata gesi ya klorini, na atakayekimbizwa hospitali ni wewe, si regyuleta.

Nne, zima asidi. Kijiko cha magadi ya kuokea katika lita moja ya maji kinatosha. Tumbukiza, kisha suuza kwa maji safi mara mbili. Maji ya kisima ya hapa mara nyingi huacha madoa, basi mara ya mwisho tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya betri ambayo bado hayajatiwa asidi. Kausha kwa hewa safi kavu. Kisha chukua kioo cha kukuzia na upite kila mahali ambapo mpira hukaa na kila ukingo ambapo kiti cha vali hugusa. Ukingo wenye kishimo hata kama ncha ya sindano utavujisha.

Tano, kufunga. Hapa, vijana wangu, ndipo ninaposimama. Kusafisha anaweza kujifunza kila mmoja wenu. Kufunga regyuleta na kuipima shinikizo ni kazi ya mtu aliyefundishwa aina hiyohiyo, mwenye mipira na viti vya mtengenezaji, grisi inayofaa na geji. Ndani ya kifaa hiki hewa ya bar 200 inashushwa hadi kama bar 10 zaidi ya shinikizo la maji, kisha inashushwa tena mpaka ilingane na pumzi. Chembe moja ya chumvi kwenye kiti cha vali inatosha kuifanya hewa ifumuke bila kizuizi, na mtungi kuisha dakika chache wakati mtu yuko mita 30 chini.

Mtungi hausameheki

Regyuleta ikishindwa, mpiga mbizi yuko hatarini. Mtungi ukishindwa, chumba kizima kiko hatarini. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una lita 2,400 za hewa zilizobanwa. Kila sentimita ya mraba ya ukuta wake, upana wa kucha ya kidole, inasukumwa kwa uzito wa takribani kilo 200. Hiyo ni mifuko 4 ya saruji juu ya ukucha mmoja. Sasa weka hapo kishimo cha kutu.

Kutu ya juujuu ndani ya mtungi wa chuma huondolewa kwa kuubingirisha ukiwa na vijiwe vya kusagia ndani, kisha kuuosha na kuukausha upesi. Vishimo virefu haviondolewi na kitu chochote. Kuna kutu pia isiyopasua, inayoua kimyakimya: chuma kikishika kutu hula oksijeni, na katika mtungi uliofungwa muda mrefu na maji kidogo ndani, oksijeni inayoliwa ni ile ya mpiga mbizi. Atavuta hewa isiyo na ladha mbaya wala harufu, na atazimia bila onyo. Mtungi wa mtumba ukifika na hewa ya zamani, imwage yote polepole.

Katika nchi nyingi mtungi hukaguliwa ndani kila mwaka au kila miaka miwili na nusu, na hupimwa kwa shinikizo la maji kila miaka 5. Tarehe huchongwa begani mwa mtungi. Isome kabla ya kulipa. Na mtungi wa alumini wa zamani ukiwa wa aloi iitwayo 6351, uogope. Aloi hiyo hupata nyufa shingoni taratibu, na watengenezaji wameshaiacha. Rangi mpya juu yake haibadilishi kilicho shingoni.

Mafundi watatu wa Kigoma

Mnaweza kusema nawatisha. Basi nisimulie habari njema ya ziwa letu la Tanganyika.

Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ubelgiji yakitokea upande wetu yalikuwa yanakaribia Kigoma, bandari ya upande wa mashariki wa ziwa. Wajerumani walikuwa na meli kubwa hapo, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg na kuungwa kandokando ya ziwa. Amri ikatoka izamishwe. Lakini waliopewa kazi hiyo walikuwa mafundi watatu walioijenga kwa mikono yao: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Hawakuilipua. Waliipaka mitambo grisi nene, wakaipakia mchanga, wakaizamisha kwa upole ziwani. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini, na mitambo ikakutwa bado inafaa. Mwaka 1927 meli ilianza safari upya kwa jina la Liemba, na ikabeba watu na magunia ziwani kwa miongo mingi baada ya hapo.

Maji baridi yalisaidia, kwa kuwa Tanganyika si bahari. Lakini kilichoamua ni ile siku moja ya grisi kabla ya maji kuingia. Mafundi wale walijua kutu haipiganwi ikishafika, huzuiwa mlangoni. Saa moja ya kuloweka chombo kila baada ya kutoka majini inazidi siki yote mtakayonunua Lubumbashi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi mafundi tunajua kuna kuta zisizojengeka tena.

Maji ya beseni

Nilisema nitairudia sumu ya shaba. Mkimaliza kazi, siki katika beseni itakuwa imegeuka kijani-buluu. Ile ni shaba iliyoyeyuka. Viwanda vyetu hufanya jambo lilelile kwa kipimo kikubwa: humwagia mawe ya kijani asidi ya salfuriki, shaba ikayeyuka, kisha vikaitoa kwa umeme. Na mto wa Naviundu unajua maji ya namna hiyo yanapotoroka. Watafiti wamepima metali nzito ndani yake na kuchapisha walichokuta. Ile shaba iliyowafukuza chaza kwenye manowari za Davy haichagui. Huwafukuza na samaki wetu.

Kwa hiyo msimwage beseni mtaroni. Tieni magadi kidogo kidogo mpaka mapovu yaishe, acheni litulie usiku mmoja. Asubuhi mtakuta tope la kijani limekaa chini. Chujeni kwa kitambaa, kausheni, wekeni pamoja na shaba chakavu. Likishakauka, liwekeni kando ya jiwe hili la mezani mkalitazame. Ni karibu kitu kilekile walichokiokota wahunzi wa chemchemi hizi katika karne ya 4.

Na wewe, mwanangu uliyeniuliza swali: regyuleta yako ina kishimo kwenye ukingo wa vali, nimekionyesha kwa kioo na umekiona mwenyewe. Itafaa kufundishia. Mtungi wako ni wa aloi ya 6351. Kesho tutautoa hewa yote, tutang'oa vali, na tutaukata kwa msumeno katikati, ili asije mtu mwingine akauosha, akaupaka rangi, akamuuzia mtoto wa mwenzake.